Mpira Mdogo, Hasara Kubwa: Kubadilisha Mipira ya Karibirateri Nyumbani

Mazungumzo tuliyotoa mbele ya wanachama huko Baraka, Fizi, kwenye mkutano wa mwezi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili na wale waliokuwa shambani au safarini wayapate, na wafadhili wetu pia wasome.

 

Leo hatukuja kusema juu ya mikopo mipya wala juu ya ripoti. Tumekuja kusema juu ya mpira. Mpira mdogo, mweusi, mwingine haufiki hata ukubwa wa punje ya hindi, umefichwa ndani ya karibirateri. Tunausema mbele ya chama chote, si mbele ya wamotari peke yao, kwa sababu huo mpira umeanza kuharibu urafiki wa watu.

Munajua wenyewe namna inavyokuwa. Mama ametoa akiba yake ya AVEC, ameongezea mkopo, amenunua pikipiki, amempa kijana aiendeshe. Kijana anatoka asubuhi, anapeleka watu Mboko, anapandisha wengine Fizi-centre, jioni analeta pesa ya mwenye pikipiki. Mwanzo inaenda vizuri. Kisha pesa inapungua. Kijana anasema: "Mama, esanse inaisha mbio." Mama anauliza: "Mbona ya jirani haiishi?" Kijana anaapa. Mama ananyamaza, lakini moyoni ameshasema ni mwizi. Familia mbili zilizokaa jirani kule Nyarugusu, zikavuka ziwa kurudi hapa, leo hazisalimiani vizuri kwa ajili ya esanse.

Katika neno moja la namna hiyo, kabla wazee hawajaanza kusikiliza, tuliomba kitu kimoja tu: tuione ile pikipiki. Tuliisimamisha uani, injini imezimwa, tukafungua robine, tukaweka kopo chini ya ile tuyo ndogo inayoning'inia karibu na injini. Hatukuwasha. Tulikaa, tukasalimiana, tukauliza habari za watoto. Tulipoangalia tena, kopo lilikuwa na esanse chini. Tone, tone, tone. Mwizi alipatikana, na ukubwa wake ni kama ncha ya kalamu.

Hatusemi hakuna kijana anayeiba hata siku moja. Tunasema: kabla hujamwita mtoto wa mwenzako mwizi, angalia mpira kwanza. Na ukishaona ni mpira, usiende kukopa. Kazi hii mtu anaweza kuifanya nyumbani, kwa utulivu, na vyombo vichache. Njo maana tuko hapa.

Karibirateri inafanya nini

Karibirateri ni jiko linalopika chakula cha injini. Inachukua hewa, inachukua esanse kidogo, inachanganya, injini inakula. Ikichanganya vibaya, injini inaugua.

Chini yake kuna bakuli. Esanse inashuka kutoka tanki, inapita kwenye robine, inapita kwenye tuyo, inaingia kwenye bakuli. Ndani ya bakuli kuna boya. Ninyi watu wa ziwa hatuna haja ya kuwaeleza boya. Esanse ikipanda, boya linapanda, nalo linasukuma kipini kimoja kidogo ambacho mafundi wanakiita pwento. Ncha ya pwento iko na mpira. Ule mpira unaziba tundu, esanse inaacha kuingia. Injini ikila, esanse inashuka, boya linashuka, tundu linafunguka tena. Mchana kutwa ni hivyo: fungua, funga.

Sasa fikirieni ncha ya mpira inayofunga na kufungua kila siku juu ya barabara yetu, vumbi na mashimo kutoka Uvira mpaka Lulimba. Baada ya muda inapata alama ya duara, kama kidole kilichovaa pete kwa miaka. Pale penye alama haifungi tena sawasawa. Esanse inaendelea kuingia hata bakuli likijaa, inatafuta njia, inatoka kwa tuyo ya chini. Ikikosa njia hiyo, inaingia kwenye injini na kuchanganyika na oili. Hapo hasara inakuwa kubwa, sababu oili yenye esanse ni nyepesi, haikingi vyuma.

Mipira mingine ni hii: mpira wa bakuli, unaokaa kwenye mfereji kati ya bakuli na mwili wa karibirateri, oringi ya visi ya kumwagia, iliyo chini ya bakuli, oringi ndogo kabisa ya visi ya hewa, oringi kubwa kati ya karibirateri na shingo ya injini, tena ile tuyo ya esanse yenyewe. Kuna pikipiki zingine zenye ngozi nyembamba ya mpira chini ya kifuniko cha juu, inayopanda na kushuka. Hiyo ikitoboka hata kidogo, pikipiki inakosa nguvu ukifungua gesi.

Mujue tena majina mawili mawili. Wengi wenu mulijifunza ufundi kule Tanzania, munasema bisibisi, plagi, spana. Muuzaji wa vipuri hapa sokoni anasema turnavisi, buji, kle. Ni vitu vile vile. Dawa ya kukosea ni moja: peleka mpira wa zamani mkononi. Mpira hauna lugha.

Dalili, na mpira wa kila dalili

Kama esanse inatona kwa tuyo ya chini pikipiki ikiwa imesimama, angalia pwento na boya. Lakini usikimbilie kununua: mara nyingi ni punje ya mchanga imekaa kwenye tundu. Safisha kwanza.

Kama kuna unyevu kuzunguka bakuli, pale linapokutana na mwili, ni mpira wa bakuli. Kama tone liko chini kabisa ya bakuli, kwenye visi, ni oringi ya visi ya kumwagia.

Kama ralanti inapanda yenyewe, inashuka, inapanda, hata usipogusa gesi, kuna hewa ya wizi inaingia. Angalia oringi ya shingo, na shingo yenyewe kama imepasuka. Pikipiki ikinguruma, nyunyiza maji kidogo pale kwenye kiungo. Sauti ikibadilika, umepata pa kuangalia. Tumesema maji. Kuna watu wanapima kwa kumwagia esanse juu ya injini ya moto. Hao wanacheza na maisha.

Kama moshi ni mweusi, buji imejaa masizi, na oili inanuka esanse ukichomoa kijiti cha kupimia, basi esanse inaingia kupita kiasi. Usiendeshe tena. Tengeneza karibirateri, kisha ubadilishe oili kabla ya kuwasha.

Ni nini kinachoua mpira

Joto la injini linaukausha. Esanse yenyewe inaula polepole. Tena wengi wetu tunanunua esanse ya chupa kwa kadhafi wa kando ya barabara, na siku zingine ndani yake muna maji au uchafu. Kuna dawa rahisi: mimina kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili, na mwisho wa chupa usiumimine tankini, sababu maji na uchafu vinakaa chini.

Lakini muuaji mkubwa ni sisi wenyewe, na kisu, na kipande cha chambrea ya baiskeli. Mtu anakosa mpira wa bakuli, anakata chambrea ya zamani, anazungusha, anafunga. Siku ya kwanza haivuji. Anajisifu. Baada ya siku chache inavuja kupita zamani.

Jana jioni tuliweka vipande viwili ndani ya chupa mbili za kioo zenye esanse: kipande cha chambrea na mpira mpya wa bakuli kutoka dukani. Hivi hapa, pitisheni kwa mikono, muangalie. Huu wa dukani uko vile vile. Huu wa chambrea umevimba, umelegea, ukiukwaruza kwa kucha unatoa vipande. Vile vipande ndivyo vinavyoenda kuziba jigleri.

Sababu yake iko wazi. Mpira wa mti na mpira wa chambrea haviwezi esanse. Vinainywa mpaka vinavimba. Mpira wa karibirateri ni wa aina nyingine, unaitwa nitrili, ambao wataalamu wa Ujerumani waliutengeneza katika miaka ya 1930 kusudi ustahimili mafuta. Kwa macho yote ni myeusi. Kazi yake si moja.

Tena ile silikoni ya tyubu, nyekundu au nyeusi, ambayo watu wanapaka kila mahali: usiiweke kwenye bakuli. Aina nyingi za silikoni esanse inazilainisha, zinakatika, vipande vinaingia ndani.

Vyombo na mahali

Unahitaji turnavisi ya nyota inayokaa vizuri kwenye visi, kle namba 8 na namba 10, beseni safi, kitambaa cheupe, mswaki wa zamani, pampu ya baiskeli, na kipande cha uzi wa nailoni wa wavuvi. Simu pia, kwa kupiga picha kila hatua, kisha uiweke mbali. Kitambaa cheupe si urembo. Kinakusaidia kuona oringi ikianguka.

Sasa sikieni vizuri, mama zetu hasa. Huku kwetu pikipiki tunaiita moto. Basi moto huu na moto wa jikoni hawakai nyumba moja. Fanya kazi nje, kwenye kivuli, mchana, injini ikiwa imepoa. Mbali na makala, mbali na mtu anayevuta sigara, mbali na taa ya mafuta. Hewa ya esanse ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inatambaa chini, inaenda kutafuta jiko hata usipoiona. Weka ndoo ya mchanga karibu. Esanse ikiwaka, mwaga mchanga. Maji yanaisambaza.

Esanse utakayotoa usiiweke kwenye chupa ya Fanta au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu haulizi. Tia kwenye bidoni yenye kifuniko na alama, weka juu. Mtoto akimeza, usimtapishe, mpeleke centre de santé mbio. Tena usifyonze esanse kwa mdomo hata kama umezoea kuona wengine wakifanya.

Kufungua, hatua kwa hatua

Kwanza, funga robine. Fungua visi ya chini ya bakuli, esanse imwagike kwenye bidoni. Chomoa tuyo ya esanse.

Pili, fungua kifuniko cha juu ambamo kamba ya gesi inaingia. Itatoka na pistoni ndogo yenye sindano. Ile sindano ikipinda, kazi imeharibika, basi ifunge kwenye kitambaa safi uiache ining'inie. Usiitoe kwenye kamba kama haina shida. Hii ni kwa pikipiki za kawaida tulizo nazo hapa. Yenye ile ngozi ya mpira, kamba yake inashikwa kwa upande, na kifuniko cha juu usikifungue bila kuwa na mtu anayeijua.

Tatu, fungua nati mbili za shingo, legeza pete ya upande wa filtre, toa karibirateri. Kabla ya kuifungua ifute nje, la sivyo utaingiza mchanga ndani kwa mkono wako mwenyewe. Ziba tundu la injini kwa kitambaa.

Nne, fungua visi za bakuli. Ukilegeza moja, nenda kwenye ile inayotazamana nayo. Bakuli likikataa kutoka, ligonge polepole kwa mpini wa turnavisi. Usilichokoe kwa ncha, utakwaruza pale mpira unapolala, na hakuna mpira mpya utakaoziba mkwaruzo.

Tano, vuta ule msumari mdogo unaoshikilia boya. Boya litatoka pamoja na pwento. Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia maji ndani, limetoboka, linazama, ni la kubadilisha. Angalia ncha ya pwento kwenye mwanga: ikiwa na alama ya duara, au imekuwa ngumu, imekwisha.

Sita, visi ya hewa. Hapa watu wengi wanapotea. Kabla ya kuifungua, ikaze kwanza polepole mpaka ifike mwisho, huku ukihesabu mizunguko. Labda mmoja na nusu, labda miwili. Andika. Ukifika mwisho usilazimishe. Kisha ifungue yote. Mpangilio wake ni huu: springi, halafu washa ndogo, halafu oringi, ambayo inakaa ndani kabisa kwenye ncha. Mara nyingi visi inatoka peke yake na oringi inabaki ndani ya tundu. Itafute kwa tochi, itoe taratibu kwa kijiti chembamba. Ukiweka mpya juu ya ile ya zamani, ralanti haitatulia hata ufanyeje.

Kusafisha na kuweka mipya

Fungua jigleri mbili, kubwa na ndogo. Ziangalie kwenye jua: lazima uone tundu la duara, safi. Kama limeziba, pitisha uzi wa nailoni, kisha pampu ya baiskeli. Usipitishe waya. Jigleri ni shaba laini, tundu lake limepimwa. Waya unalipanua kidogo tu, usilolione kwa macho, lakini injini italiona kila siku, na mfuko wako pia.

Sugua bakuli kwa mswaki na esanse kidogo. Puliza kila tundu la mwili kwa pampu. Kausha.

Sasa mipira mipya. Lalisha ya zamani na mpya pamoja juu ya kitambaa. Unene ni sawa? Duara ni sawa? Kumbuka ya zamani imevimba, inaweza kuonekana kubwa kidogo. Lakini mpya ikiwa nyembamba sana kuliko mfereji wake, rudisha dukani. "Karibu sawa" haizibi esanse.

Paka oringi oili kidogo sana kwa ncha ya kidole, ipate kuteleza bila kuchanika. Visi ya hewa: springi, washa, oringi. Ikaze mpaka mwisho polepole, kisha ifungue ile hesabu uliyoandika. Rudisha jigleri, pwento mpya, boya na msumari wake. Usipinde kile kiulimi cha boya kinachosukuma pwento kama si cha kupinda.

Kabla ya kufunga bakuli, pima. Chukua kipande kipya cha tuyo, kavu, kiweke pale esanse inapoingilia, upulize polepole. Karibirateri ikiwa wima, pumzi inapita. Ipindue juu chini: boya linakandamiza pwento, pumzi inakatika. Isipokatika, kuna uchafu, au pwento si yake. Ni heri kujua hapo kuliko barabarani.

Lalisha mpira wa bakuli kwenye mfereji, zungusha kidole uhakikishe haukuinuka mahali popote. Funga visi za kutazamana, kidogo kidogo. Mwili wa karibirateri ni chuma laini. Nguvu ya mkono wa kulima haitakiwi hapa. Hata zile nati mbili za shingo, zikaze kwa zamu. Ukikaza moja yote kabla ya nyingine, uso wake unapinda, na ile hewa ya wizi inarudi.

Rudisha pistoni ya gesi. Iko na mfereji ubavuni, unaokaa kwenye alama yake ndani. Isipoingia yenyewe, zungusha, usigonge. Kisha, na hili ni la lazima, kabla ya kuwasha pindua mkono wa gesi uuachie. Lazima urudi wenyewe, tak! Zungusha usukani kushoto, jaribu. Kulia, jaribu. Mkono usiorudi unaua mtu kwenye kona ya kwanza.

Fungua robine, weka kopo chini, ngoja dakika kumi. Kopo likibaki kavu, washa. Injini ikipata joto, rekebisha ralanti. Umemaliza.

Kazi isiyo ya nyumbani

Mwili ukipasuka, nyuzi za visi zikikatika, pistoni ya gesi ikicheza sana kwenye tundu lake, mpeleke fundi. Hatukuja kuwanyang'anya mafundi mkate. Mafundi wa hapa tuliozungumza nao wanasema wenyewe: pikipiki inayowatesa ni ile iliyochokolewa na watu watatu kabla yao, kwa kisu na silikoni. Mwenye pikipiki anayejua mpira wake anamletea fundi kazi safi, na anajua anacholipia.

Nani analipa?

Tumefika kwenye swali ambalo vijana wanauliza kwa sauti ndogo. Mwenye pikipiki anasema: "Wewe ndiye unayeitumia, nunua." Kijana anasema: "Pikipiki si yangu." Katikati ya maneno hayo mawili, esanse inatona usiku kucha, ndani ya nyumba ambamo watoto wamelala, maana wengi wetu tunaingiza pikipiki ndani kwa kuogopa wezi.

Tunapendekeza mambo matatu, chama kiyazungumze.

La kwanza: mwenye pikipiki na kijana wapime pamoja kila Jumapili. Kopo, robine wazi, dakika kumi, wote wawili wanaangalia. Kopo likiwa kavu na esanse bado inaisha mbio, hapo wazungumze juu ya mambo mengine. Kopo likiwa na unyevu, wanajua adui ni nani. Baada ya kupima, robine ifungwe. Kila ukisimamisha pikipiki kwa usiku, funga robine. Hiyo haigharimu hata franka moja.

La pili: mipira ilipwe kutoka kwenye pesa ya siku, kabla ya kugawana, kama esanse inavyolipwa. Mpira si adhabu ya mtu. Ni chakula cha pikipiki.

La tatu: chama kinunue mipira kwa pamoja, kiiweke kwenye kisanduku chenye kifuniko, mahali pa baridi na giza, maana jua linaharibu mpira hata kabla haujatumika. Mwanachama achukue, aandike kwenye daftari, alipe. Tuweke aina za pikipiki tulizo nazo hapa, TVS na Boxer hasa, tusijaze sanduku kwa vitu visivyo na pikipiki.

Na kwenu wafadhili mnaosoma karatasi hii: tunawashukuru kwa yote. Pikipiki mpya ikifika, watu wanapiga picha, na ni haki. Mpira wa bakuli hakuna anayeupiga picha. Lakini pikipiki iliyosimama kwa kukosa mpira haimpeleki mama mjamzito hospitali usiku, na mkopo wake unaendelea kuhesabu siku. Mkituuliza kitu gani kitafanya msaada wenu udumu, tutajibu bila haya: sanduku la mipira, vyombo viwili vitatu, na posho ya fundi mmoja wa kufundisha vijana na mama zetu. Ndiyo, mama zetu pia. Mwenye mali asipojua mali yake inavyofanya kazi, kila mtu atamwelezea anavyotaka.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tutakuwa chini ya mwembe wa chama. Leteni pikipiki zinazotona, zikiwa zimepoa. Kila mwenye pikipiki aje na kijana wake, na kila mmoja aje na kopo lake. Wasiokuwa na pikipiki waje pia, mikono ya kushika tochi inahitajika.

 Sasa maswali. Tuanze na mama zetu.